Sebule yangu haikuwa ndogo, niliijaza mwenyewe (masika ndo yakaniumbua)

Wiki iliyopita kuna dada kaniandikia inbox, kahamia chumba na sebule Tabata, anasema "dada nifanyeje ionekane kubwa, nikikaa na wanangu najiona kama nipo kwenye daladala ya jioni". Nimecheka alafu nikanyamaza, maana miaka miwili nyuma huyo nilikuwa mimi kabisa, tofauti ni kwamba yeye kapanga, mi nimejenga, nimejinyima, na bado nikajenga daladala. Sasa badala ya kumjibu mstari mmoja ngoja nisimulie, mtanivumilia.

Kivule tulihamia 2019, nyumba haina dari, dirishani nailoni, si mnajua tunavyohamiaga. Hayo mengine ya kukimbizana na mafundi wa jipsam na malumalu naruka, kila aliyejenga Dar anayajua na hakuna jipya. Nyumba ilipotulia nikaona sasa ni zamu ya vitu. Kikoba kilipovunjwa Desemba 2022 nikachukua seti ya sofa ya watu saba, baadae nikaenda Keko kwa mafundi wa fanicha nikachukua shokesi, ile ndefu ya milango ya kioo yenye taa kwa ndani, laki sita na nusu. Yani nilikuwa naamka usiku kunywa maji napita kwanza kuwasha ile taa niangalie vikombe vyangu. Vikombe ambavyo hakuna mtu aliwahi kunywea, tuseme ukweli.

Masika ya 2024 wa Dar mnaikumbuka. Mvua za El Niño zilianza tangu vuli ya 2023 zikaunganisha, Mei nayo ikaja na hofu ya kimbunga Hidaya. Katikati ya hiyo mvua, Jumapili moja ya Aprili, tukambatiza mtoto wetu mdogo. Tuliweka turubai nje, viti arobaini, chakula tayari. Saa nane mchana ikashuka mvua kubwa, turubai likajaza maji tumboni kama ng'ombe mwenye mimba, watu wote wakaingia ndani. Ndani wapi sasa? Sofa zimebana mlango, katikati meza na stuli zake, huku friji, kule shokesi. Wazee wakakaa, wengine wakapanga foleni koridoni na sahani mkononi, mama mkwe wangu kakaa amekunja miguu pembeni kwasababu meza ilikuwa inamgonga magoti. Alafu dari ikaanza kudondosha. Tone la kwanza likaangukia kwenye hotipoti ya pilau, liko wazi, kila mtu kaliona na kila mtu kajifanya hajaliona.

Ndo wifi yangu, kasimama kwenye mlango wa jikoni, anaangalia shokesi anaangalia dari, akasema kwa sauti ile ya kutabasamu: "Wifi, hapa mnaishi au mnatunza vitu?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku nililia, sio siri, na mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nasikia joto masikioni.

Mvua ilipokata tukavuta shokesi, watu wanne, maana nilikuwa nasikia harufu siku nyingi nikadhani ni zulia. Nyuma yake ukuta wote umeota weusi, rangi imefanya malengelenge, ukigusa inapukutika kama unga. Chini nilikuwa nimesukumia katoni, nikalisahau, ndani kulikuwa na albamu ya harusi. Kurasa zimegandana. Nilipobandua moja taratibu, sura ya mama yangu ikabaki upande wa pili, kwenye picha pakabaki gauni lake tu na pochi. Mama hatunaye tangu 2021. Sa niambie, shokesi ya laki sita na nusu inarudisha hiyo picha?

Kwahiyo nikisema vitu vyako vitoe ukutani viache nafasi siongei mambo ya urembo ya mitandaoni.

Fundi mwingine (wa kwanza simu hapokei hadi kesho) alipopanda juu hakukaa hata dakika kumi. Akaniita kwenye ngazi akanionesha: misumari ya bati imepigwa bondeni. Bati lina mgongo na bonde, maji yanapita bondeni, sasa ukitoboa bonde umeyatobolea maji njia. Inatakiwa ipigwe mgongoni, na ile washa ya mpira (kile kiringi cha chini ya kichwa cha msumari) ikae sawa, maana jua la Dar linaikausha mpira unapasuka na hapo tundu linabaki wazi. Na bati lenyewe nilinunua geji 32 kwasababu bei ilikuwa nzuri, sikujua kwamba namba ikipanda ndo bati linakuwa jembamba. Kingine, sikuwa na gata, ule mfereji wa kukinga maji ya paa. Nyumba yetu ni kama mita 9 kwa 8, milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwahiyo mvua ya milimita 50, ambayo masika sio ajabu, ni lita 3,600 zinashuka mguuni mwa ukuta wangu. Zinaruka na udongo zinapiga ukuta, ukuta unakunywa, unyevu unatokea ndani nyuma ya shokesi ambako hakuna hewa wala jua. Fundi anaitwa apake rangi, anapaka ya mafuta juu ya unyevu, miezi mitatu malengelenge tena. Mara mbili nilifanyiwa hivo na nikalipa.

Sa hivi mimi na utaratibu wangu, na sitanii nao. TMA, wale wa hali ya hewa, wakishatoa utabiri wa masika, Jumamosi inayofuata napandisha mtu darini saa sita mchana jua kali, anazima taa anafunga kile kifuniko anakaa gizani. Popote panapopenyeza jua, mvua itapita hapo hapo. Anapaweka alama ya chaki, tunatoa msumari tunaweka skrubu yenye washa mpya. Gata tunazoa majani, mwembe wa jirani unanipa kazi lakini na maembe nakula so tumeenda sawa. Sebuleni vitu vyote vinavutwa katikati, kuta zinakaguliwa, zinafutwa. Vuli ikikaribia narudia tena, mwishoni mwa Septemba. Rangi napaka wakati wa kipupwe, ukuta ukiwa mkavu, na ni rangi ya maji sio ya mafuta, ukuta upumue.

Sasa ukubwa wa nyumba uliingiaje hapo? Hivi hivi, kwa bahati. Siku vitu vilipovutwa kwa ajili ya ukuta, mwanangu mkubwa alianza kukimbia sebuleni. Miaka yote hajawahi kukimbia mle ndani. Nikachukua futi nikapima: sebule mita 4 kwa 3 na nusu, yani mita za mraba 14, nikapima na vitu kimoja kimoja, vinakula zaidi ya nusu. Nusu ya sebule niliyoijengea msingi, nikainunulia tofali na nondo na saruji, zinaishi mbao za watu wa Keko.

Shokesi ikaondoka, laki na themanini, niliumia. Zile sofa mbili za mtu mmoja zikaondoka. Zilizobaki haziegemei ukuta, zinakaa shubiri moja kutoka ukutani, hewa inapita nyuma, na sijui ni macho au ni nini lakini chumba kinaonekana kipana zaidi kuliko ulipokuwa umezibandika. TV ikapanda ukutani. Fimbo ya pazia niliipandisha ikakaribia dari na mapazia yakashuka mpaka chini, ya kitambaa chepesi, yale mazito ya maruni nimempa dada yangu. Dari nyeupe, ukuta rangi ya maziwa. Sofa zijazo zitakuwa za miguu mirefu uone sakafu inaendelea kwa chini. Yote ni jambo moja tu: sakafu ionekane. Sakafu. Juu ya kabati la chumbani pia toa yale mabegi, na ndoo za shughuli, na masufuria ya kuazimisha mtaa mzima.

Dada zangu, tunanunua vitu vya wageni alafu wageni wakija hawana pa kukaa. Tunawafungia watoto wetu vikombe vya kioo wananywea plastiki. Bati linavuja tunasema mwakani, ila kikoba kikivunjwa hela ina njia ya kwenda Keko tu. Hela ya kwanza ni ya paa, ya pili ya gata, ya tatu ndo ujifikirie. Wewe wa Tabata umepanga, paa mwambie mwenye nyumba, na mwambie Februari sio Aprili, ila hivo vitu ni vyako, anza navyo leo.

Pasaka ya mwaka huu wifi alikuja. Mvua ilinyesha usiku kucha na hakuna tone lililodondoka, nilikuwa macho nasikiliza. Asubuhi kakaa kwenye sofa, miguu kainyoosha mpaka mwisho, anaangalia ule ukuta mtupu. Nikamsubiri aseme kitu, nimejiandaa mwaka mzima.

"Na ile shokesi ya kioo?"

Nikamwambia niliuza.

"Jamani wifi, si ungeniambia ningeichukua mimi."

Nikaenda jikoni kumletea chai, kwenye vile vikombe.