Maswali ya Wasomaji: Makato ya SHA, Bima ya Kampuni na Mzigo wa Mwajiri

Tangu Oktoba 1, 2024, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii (SHIF), iliyo chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali ya Kenya iliyoanzishwa mwaka 1966, barua nyingi zinazoifikia safu hii zinatoka kwa waajiri, wahasibu na watu wanaokatwa mishahara. Katika toleo hili tunajibu nne kati ya hizo.

Nina karakana ya samani na nimeajiri mafundi kadhaa. Wanadai niwaongeze mshahara kwa kuwa makato ya afya yamepanda, na mfanyabiashara mwenzangu ameniambia kwamba mimi pia natakiwa kuchangia kiasi sawa na wanachokatwa. Ukweli ni upi?
*Mwenye karakana, Thika*

Mwenzako amekosea. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka mwajiriwa achangie asilimia 2.75 ya mshahara wake wa jumla, yaani kabla ya makato mengine kuondolewa, na haimtozi mwajiri kiasi chochote juu ya hapo. Wajibu wako ni kukata fedha hizo na kuziwasilisha ifikapo tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Ukichelewa, adhabu ni yako wala si ya fundi. Yamkini mwenzako amechanganya mchango huu na ushuru wa nyumba za bei nafuu, ambao mwajiri na mfanyakazi hulipa asilimia 1.5 kila mmoja, au na NSSF, hazina ya akiba ya uzeeni, ambako kila upande hutoa asilimia 6, kiasi ambacho Februari 2025 kilifikia hadi Sh4,320 kwa mwezi. Jirani zetu wa Tanzania walichagua njia nyingine: mchango wa NHIF yao ni asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri hubeba nusu yake.

Kuhusu madai ya mafundi, fanya hesabu ya mmoja mmoja kabla ya kujibu. NHIF ilikuwa na viwango vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia Sh150 hadi Sh1,700. Fundi anayelipwa Sh28,000 alikuwa akikatwa Sh850, na sasa anakatwa Sh770, kwa hiyo amepata nafuu ya Sh80. Anayelipwa Sh45,000 alikatwa Sh1,100, na sasa anakatwa Sh1,237.50. Mpaka wenyewe uko karibu na mshahara wa Sh33,000: walio juu yake wanalipa zaidi kuliko zamani na wengi walio chini yake wanalipa pungufu, ila wale wa chini kabisa, waliokuwa wakipata pungufu ya Sh6,000, ambao mchango wao umepanda kutoka Sh150 hadi kima cha chini cha Sh300.

Utaona basi kwamba mchango wa afya peke yake hauwezi kueleza ukali wa malalamiko katika karakana kama yako. Kinachowaumiza mafundi ni kwamba ushuru wa nyumba, nyongeza za NSSF na SHIF vimekuja kwa kufuatana, na mtu anapotazama hati yake ya mshahara haoni sheria tatu. Anaona fedha alizobaki nazo mkononi. Ukiamua kuwaongeza, jambo ambalo sheria haikulazimishi, kumbuka kuwa nyongeza yenyewe nayo hukatwa asilimia hizo, na kwako pia huongeza ushuru wa nyumba na, kwa mafundi wengi, NSSF.

Naomba niseme wazi kwamba kuondolewa kwa kikomo cha mchango ni jambo la haki. Chini ya NHIF, aliyelipwa Sh100,000 na aliyelipwa Sh1,000,000 walikatwa Sh1,700 sawasawa; sasa wa kwanza hutoa Sh2,750 na wa pili Sh27,500.

Hoteli yetu hulipia wafanyakazi bima ya kampuni binafsi, na kila mwaka ada hupanda. Kwa kuwa sasa kila mmoja anachangia SHIF, wakurugenzi wanataka tuiache bima hiyo. Je, ni busara?
*Msimamizi wa wafanyakazi, Mombasa*

Ninaelewa kwa nini wakurugenzi wanalifikiria jambo hili, lakini ningewasihi wasiamue kabla ya kuweka mezani orodha ya huduma ambazo SHA hulipia, kwa sababu bima hizi mbili hazilingani hata kidogo.

Mageuzi ya 2023 yaliunda hazina tatu. Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, inayotegemea fedha za serikali, hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3. SHIF hulipia hasa wanaolazwa, wanaojifungua, wanaofanyiwa upasuaji na matibabu mengine ya hospitali. Ya tatu, ya dharura na magonjwa sugu, huingia pale kiwango cha SHIF kinapokwisha. Kwa viwango vya 2025, kujifungua kwa njia ya kawaida kulitengewa Sh10,000 na kwa upasuaji Sh30,000; kila kipindi cha kusafishwa damu kwa mgonjwa wa figo, Sh10,650; na matibabu ya saratani, Sh400,000 kwa familia kwa mwaka kutoka SHIF, na nyongeza ya Sh150,000 kutoka hazina ya tatu.

Kwa mpishi au mhudumu wa vyumba ambaye hakuwahi kuwa na bima yoyote, viwango hivyo ni faraja kubwa. Lakini wafanyakazi wenu wamezoea kuingia hospitali ya kibinafsi mjini wakiwa na homa au mtoto mwenye kikohozi, kumwona daktari, kupewa dawa na kurudi kazini siku hiyo hiyo, ilhali huduma hiyo ya wagonjwa wa nje katika hospitali kubwa ndiyo ambayo SHIF haikuiweka mbele. Anayejifungua kwa upasuaji katika hospitali ya kibinafsi inayotoza mara kadhaa ya Sh30,000 atatakiwa kujazia tofauti, na asipokuwa nayo atakuja ofisini kwako kuomba mkopo au malipo ya mapema. Gharama mliyodhani mmeiondoa kwenye vitabu itakuwa imerudi kwa sura ya mikopo, ruhusa za ugonjwa na michango ya wafanyakazi wenzake.

Kuna pia suala la malipo kwa hospitali. SHA ilianza kazi huku NHIF ikiwa imeziachia hospitali madeni ya mabilioni ya shilingi, na mnamo Februari 2025 hospitali zilizo katika chama cha hospitali za kibinafsi, RUPHA, zilisimamisha kuwahudumia wanachama wa SHA kwa sababu ya malipo yaliyocheleweshwa. Hali hiyo inagusa moja kwa moja ada mnayolalamikia. Bima nyingi za kampuni zilipangwa kwa kutarajia kwamba bima ya umma italipa kwanza fungu lake la kitanda na matibabu, na kampuni ijazie kilichobaki. Fungu hilo lisipolipwa, bili nzima huangukia kampuni ya bima, na wakati wa kuandikisha upya mkataba, jumla ya madai ya mwaka uliopita ndiyo hutumiwa kupanga ada mpya. Kwa maneno mengine, mwajiri ambaye hatozwi chochote na SHIF bado anaweza kulipia udhaifu wake kupitia mlango mwingine.

Kisha itazameni sheria ya kazi. Ikiwa bima imetajwa katika barua za ajira, Sheria ya Ajira ya 2007 inawataka mshauriane na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi kabla ya kubadilisha sharti hilo. Na ikiwa imo katika mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi, kama KUDHEIHA katika sekta yenu, hamwezi kuiondoa bila kurudi kwenye meza ya majadiliano. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anayeugua anapata dawa zinazofaa, na SHIF haikuifuta. Wala SHIF haichukui nafasi ya bima ya ajali kazini chini ya sheria ya WIBA ya 2007, ambayo inabaki lazima.

Ushauri wangu ni huu: msiiache bima, ila ipangeni upya. Hakikisheni kila mfanyakazi na wategemezi wake wamesajiliwa SHA, kisha muulizeni wakala wenu bei ya mpango unaolipia wagonjwa wa nje na kujazia pengo la kulazwa badala ya kulipia kila kitu tangu shilingi ya kwanza. Linganisheni bei hiyo na mnayolipa sasa, na wahusisheni wafanyakazi kabla ya kutia saini.

Ninalipwa Sh120,000 kwa mwezi. Mchango wangu umepanda kutoka Sh1,700 hadi Sh3,300, na nimesikia nafuu ya kodi niliyokuwa nikipata imeondolewa. Je, nimepoteza mara mbili?
*Mfanyakazi wa benki, Nairobi*

Hapana. Nafuu uliyokuwa nayo ilikuwa asilimia 15 ya mchango, yaani Sh255. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa SHIF huondolewa katika mshahara kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa mshaharani, kukokotolewa, na kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa asilimia 30, unaokoa Sh990. Ukishatoa nafuu hizo, zamani mchango ulikugharimu Sh1,445, na sasa unakugharimu Sh2,310. Umeongezewa mzigo wa Sh865 kwa mwezi, wala si Sh1,600 kama hati ya mshahara inavyoonyesha kwa mtazamo wa kwanza. Ikiwa unajilipia bima ya kibinafsi, nafuu ya asilimia 15 kwa ada hiyo bado ipo, hadi Sh5,000 kwa mwezi.

Ninakubali kwamba watu wa mishahara wana haki ya kunung'unika juu ya jambo moja. Wao hukatwa bila kuulizwa, ilhali sehemu kubwa ya waliosajiliwa katika sekta isiyo rasmi hawalipi mchango wao wa mwaka. Hazina inayobebwa na wachache wenye hati za mshahara haiwezi kulipa hospitali kwa wakati, na serikali haina budi kulitatua hilo kabla ya kufikiria kupandisha asilimia.

Nimemwajiri msaidizi wa nyumbani kwa Sh18,000. Je, nami ni mwajiri mbele ya SHA? Mumewe tayari hukatwa kazini kwake.
*Mama wa watoto watatu, Nakuru*

Ndiyo, wewe ni mwajiri, na kazi ya mumewe haibadilishi chochote, kwa sababu kila anayelipwa mshahara hukatwa kwa mshahara wake mwenyewe. Kwa Sh18,000 mchango ni Sh495. Enzi za NHIF ungekuwa Sh600. Jisajili kama mwajiri katika mfumo wa SHA, umpe msaidizi wako muda wa kwenda kusajiliwa na kuchukuliwa alama za vidole akiwa na kitambulisho chake, na umwonyeshe kila mwezi uthibitisho kwamba fedha zimefika. Mkubaliane mapema kama Sh495 zitatoka katika Sh18,000 au utazilipa wewe juu yake. Ukiweza, zilipe wewe.