Kabla hujaagiza bagi: maneno ya mjomba kwa vijana wa Jumapili

Jumapili iliyopita nilikaa kwenye tofali langu pale Chuno, hapa Mtwara, nikitazama vijana watatu wakirudia, kwa zamu, makosa niliyoyamaliza mimi mwaka 2019. Wa kwanza kafungua boksi la bagi, gari la rimoti la kuchezea mchangani, ya 1/8 (yaani moja ya nane ya gari halisi) na ya 6S (betri ya seli sita), mbele ya umati, simu zimetolewa, kila mtu anarekodi. Kalipakata gari, kaligeuza chini juu, kisha akauliza: "Betri yake iko wapi?" Haikuwemo. Na chaja haikuwemo. Wa pili kawasha gari kabla ya rimoti. Wa tatu gari lake zuri kweli, limevunjika mkono wa mbele wiki ya kwanza, na aliyemuuzia hajui hata kampuni iliyolitengeneza.

Nilitaka kucheka, nikakumbuka yangu, nikameza. Basi kaeni niwaambie. Habari za RTR, gari linalokuja limeshaundwa tayari kuendeshwa, mnazijua, na sitarudia darasa la betri za 2S na 3S, za seli mbili na seli tatu. Nataka kusema juu ya kuchagua, maana boksi hukueleza siku ya kwanza tu, na gari la kuchezea mchanga wa Mtwara linahukumiwa siku ya kumi.

1. Tafuta spea kwanza, gari baadaye.

Kabla hujatuma hela, shika simu utafute vitu vinne vya gari hilo: mkono wa chini wa mbele, gia kubwa, difu, na kile kipande kinachoshika gurudumu la mbele. Ukikuta gari linauzwa kila mahali lakini mkono wake hauuzwi popote, hilo ni la kuchezea sebuleni hata kama lina shokapu za mafuta na stika hamsini. Lile WLtoys 144001 la 1/14 ambalo nusu yenu mnalo, mimi silisifii sana, ila spea zake zimejaa mtandaoni na bei yake haiumi. Tamiya walitoa Hornet mwaka 1984, ile ya kujengea mwenyewe, na mpaka leo ukivunja kipande unaagiza kipya. Gari la 1984! Mimi mwenyewe nilikuwa sijazaliwa.

Na mkumbuke spea ya huku ina safari yake. Inatoka China, inafika Kariakoo, inalala kwa wakala, inapanda basi zaidi ya kilomita 500. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kati ya Lindi na Dar, kifurushi changu cha gia za difu kilikuwa kimekwama huko. Mabasi hayapiti, watu wanahangaikia safari na mizigo ya maana, na mimi nampigia wakala kumuuliza vigia vinavyoenea kwenye kiganja. Aibu niliisikia, lakini nilipiga.

2. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi si yako.

Ile kilomita 80 au 100 kwa saa hupatikana kwenye lami laini, kwa betri kubwa kuliko utakayoanza nayo, na mara nyingi kwa ile pinioni ya ziada, gia ndogo ya kwenye mota, iliyofungwa kwenye kifuko cha nailoni. Wewe unakwenda kuliendesha Magomeni ya hapa Mtwara, mchanga mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hapa nitakuwa mkali: kwa huku kwetu chukua 4WD, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na usishuke chini ya 1/10 kama hela inaruhusu. Vigari vya 1/18 tumbo linakaa juu ya mchanga, magurudumu yanachimba, na wewe unatembea kwenda kulinyanyua kila baada ya hatua kumi, mazoezi ya viungo tu hayo. Mchanga mzito huichosha mota kuliko kasi, kwa hiyo punguza meno mawili kwenye pinioni, na ukishindwa kuishika mota kwa hesabu ya tano, lipumzishe. Mota ya brashi, ile yenye vipande vya kaboni ndani, inatosha kwa anayeanza. Mtabisha, najua. Bisheni.

3. "Haiingizi maji."

Hapa ndipo penyewe.

Bagi yangu ya kwanza niliichagua kwa neno moja. Kwenye boksi palikuwa na picha ya gari likiruka kutoka kwenye dimbwi, matone yametawanyika, na chini yake herufi kubwa kwamba vifaa vyake vya umeme haviingizi maji. Mimi nikasoma "haviingizi maji" nikaruka "vifaa vya umeme". Na mimi ni fundi simu, ndugu zangu. Wateja wangu wengi ni wavuvi. Nakula kwa kufungua simu zilizotumbukia baharini, kila wiki nasugua ule ukungu wa kijani kwenye bodi, na kila mteja namhubiria jinsi chumvi inavyokula shaba polepole wakati wewe unadhani simu imepona. Mahubiri hayo nilikuwa nayatoa hata asubuhi ya siku ile ile.

Hela ilikuwa laki sita na ushee. Malipo ya korosho yalikuwa yameingia na mama akanigawia fungu. Mke wangu alidhani naagiza mashine ya kubadilishia vioo vya simu, sikumsahihisha. Mama alidhani ni la mpwa wangu, aliyekuwa na miaka tisa, naye sikumsahihisha. Kwetu kusini mjomba ni mtu mzito, na dogo alikuwa anahesabu siku za kufika kwa lile boksi kuliko mimi.

Tukaenda ufukweni Shangani Jumamosi ya bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, mchanga umebaki mgumu, umelowa, unang'aa kama lami iliyonyeshewa. Pale sijawahi kuona gari likikimbia vile. Likikata kona linarusha maji nyuma kama mchele unaopepetwa, likipita kwenye vidimbwi linapotea na kuibuka upande wa pili. Akina mama waliokuwa wakichokoa pweza waliinua migongo kutazama. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, na mimi?" Nikamwambia subiri kwanza mjomba alizoee. Akauliza mara ya pili. Mara ya tatu aliuliza kwa macho tu. Betri ilikuwa moja, dakika ishirini zikaisha. Nikamwambia wiki ijayo.

Nyumbani nikalipangusa kwa fulana kuukuu. Lilionekana safi! Nikalisukuma chini ya kitanda. Jumatatu nikaitwa Masasi. Msimu wa korosho kule kila mtu ana simu ya kutengeneza, nikakaa siku kumi na mbili.

Niliporudi dogo alikuwa amekaa kizingitini tangu asubuhi. Nikalitoa gari, nikaweka betri, nikambana rimoti mkononi mwake, maana safari hii nilikuwa nimeamua aanze yeye. Akabonyeza. Mota ikanguruma kidogo, mfano wa mtu anayekohoa usingizini, halafu tukasikia harufu. Magurudumu hayakusogea. Nikayashika kwa mkono: mawili yamegoma kabisa, mawili yanazunguka kwa kukwaruza.

Nikakaa chini nikafungua. Skrubu ya kwanza kichwa kililika, bisibisi ya pembe sita inazunguka tu. Nikasema mimi ni fundi, nina pasi ya kuchomea waya, nitaipasha moto ilegee. Ikalegea. Na mkono wa plastiki nao ukalegea, ukajikunja taratibu mbele ya macho ya mtoto. Beringi nikazitoa moja moja kwa ncha ya bisibisi. Zilikuwa za kufunikwa na bati jembamba, si mpira; maji yaliingia yakakaribishwa. Weka beringi ya namna hiyo sikioni uizungushe, utasikia unatafuna kisamvu kisichooshwa. Ekseli zina madoa ya kutu kama ngozi ya embe bivu. Mota ya brashi imeganda. Nikafika kwenye ESC, kidhibiti cha umeme wa mota, na resiva, kipokezi cha rimoti, nikiwa nimekata tamaa, nikazipima.

Nzima. Zote mbili, nzima kabisa. Boksi halikuwa limedanganya hata herufi moja. Hata kijitabu kilikuwa kimeonya juu ya maji ya chumvi, ukurasa wa nyuma, maandishi madogo, nilikisoma usiku ule kwa tochi ya simu.

Mikono haikuwepo kwa muuzaji. Nikasubiri miezi mitatu, na kila nikienda kwa mama ananiuliza, "Lile gari la mtoto linaendeleaje?" Spea zilipofika, dada alikuwa ameshahamishiwa Nachingwea kikazi na mtoto kaenda naye. Sasa yuko kidato cha tatu. Akija likizo namwekea gari mezani, analisifia kwa adabu, anaondoka kwenda kucheza mpira.

Haya, dawa yenyewe ni hii: ukigusa maji ya bahari, jioni ile ile toa magurudumu, suuza kwa maji ya bomba, pulizia upepo, pakaa mafuta, na unapochagua gari au beringi za kubadilishia, dai zenye mpira pande zote mbili. Au liache Shangani liwe la pweza. Madimbwi ya masika barabarani yanatosha na hayana chumvi.

4. Betri.

Betri moja ya lipo (litiamu-polima) ya 2S ya 5000 mAh ni bora kuliko tatu za bei ya bure zilizoandikwa 9000. Ukihama kutoka NiMH, betri za nikeli, kwenda lipo, ESC lazima iambiwe. Isipoambiwa haitakata umeme kwa wakati, itaendelea kunyonya mpaka seli ishuke chini ya volti 3, na wewe utafurahi kwamba leo gari limekaa sana. Kesho yake unaniletea betri imevimba kama andazi unaniambia "fundi, iamshe." Siamshi. Simu zenyewe zikivimba betri nazitupa, itakuwa lipo?

Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampia tano kama betri ni ya 5000, nje ya chumba cha kulala, na ukiwepo. Mchanga wa kuzimia moto tunao bure, jaza ndoo. Kama huendeshi wiki nzima, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, usiiache imejaa. Na usiisahau ndani ya gari kubwa lililopaki juani saa saba mchana, jua la Mtwara mnalijua.

5. Washa rimoti kwanza, gari baadaye. Kuzima kinyume chake. Yule kijana wa pili alibahatika, bagi yake ilikimbilia kwenye majani. Ya kwangu mwaka ule ilikimbilia kwa muuza mihogo ya kukaanga, na mafuta yalikuwa jikoni. Hakuumia mtu, ila mihogo ya siku ile nililipia yote, na mpaka leo nikipita na gari mkononi anaivuta karai karibu yake.

6. Karatasi moja ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa ndiyo nafasi sahihi. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea ni ya chuma kwa chuma tu, ukiitia kwenye plastiki unaiharibu. Chagua aina moja ya plagi ya betri na ubaki nayo. Nunua bisibisi za pembe sita za maana, za 2.0 na 2.5, zile zinazokuja na boksi ni za kuharibia vichwa vya skrubu.

7. Kijana wa tatu, lete huo mkono uliovunjika. Tutaupima kwa rula na kuulinganisha na wa gari jingine. Haya magari yasiyo na jina mara nyingi yamenakili mwili wa gari la kampuni nyingine. Siwezi kukuahidi.

Na wewe wa 6S. Nimekuulizia. Unahitaji betri mbili za 3S za kuunganisha mfululizo, zinazofanana, au moja ya 6S kama chumba chake kinaiingiza. Kipime kabla hujaagiza, urefu, upana na kimo. Unahitaji chaja yenye nguvu, si ile ya 2S ya rafiki yako. Piga hesabu utaona inakaribia nusu ya bei uliyotoa kwenye gari, na hii ndiyo hesabu ambayo kila mmoja wetu huifanya akiwa ameshafungua boksi. Wakati unasubiri, lifungue utie mafuta beringi, jifunze ramani yake, endesha la mwenzako. Ila betri ya bodaboda usiiunganishe. Usinikatalie kwamba hujawaza, maana jana umempigia mke wangu kumuuliza kama nina waya mnene.