Jibu: Mashua ifanye safari ngapi isiingie hasara?

Dada, umeuliza mashua yako ya wageni, Shela hadi kisiwa cha Manda Toto huko Lamu, ifanye safari ngapi kwa mwezi. Tenga kwanza gharama zisizobadilika: mshahara wa nahodha, leseni, na uchakavu wa mashine (wengi huusahau huu, kisha mashine ikifa hawana kitu). Tuseme shilingi 60,000 kwa mwezi. Halafu za kila safari, yaani mafuta, samaki, barafu: tuseme 3,000. Ukitoza 8,000, kila safari yakuachia 5,000. Gawanya 60,000 kwa 5,000, ni safari 12. Faida yaanzia ya 13.

Kusi likivuma wageni hupungua, mshahara haupungui. Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mzima. Na nakuomba, usishuke chini ya 3,000 kuvutia wateja; hapo kila safari inakuongezea hasara.