Jamaa za watu wa ndege iliyoanguka vitani: nilivyowapata

Ndugu, umesema babu yako wa Lamu alikuwa akihadithia kwamba yeye na wenzake waliwaopoa Wazungu wawili wa ndege iliyoanguka baharini wakati wa vita, nawe wataka kuwajua jamaa zao. Mimi nimepita njia hiyo huku Malindi. Ilinichukua miaka mitatu.

Kwetu ushahidi ulikuwa jikoni. Bibi alifunikia chungu kipande cha bati jepesi kilichokatwa duara, ukingoni kina matundu ya ribiti, na ukisugua masizi unaona taji dogo na herufi AM. Siku zote alisema ni ndege ya Mtaliana, kwa kuwa Wataliana ndio waliotupiga mabomu Malindi. Kumbe taji na AM ni alama ya Wizara ya Anga ya Uingereza. Visa viwili vilikuwa vimeshonwa kuwa kimoja.

Kwa hivyo anza na wakati, majina baadaye. Wazee wetu hawasemi 1940, lakini Ramadhani hawaisahau. Bibi alisema mabomu yaliwakuta wamefunga, na ndege ikaanguka baada ya Idi, kaskazi imeshaingia. Mabomu yalikuwa Oktoba 1940, na Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwanzoni mwa Oktoba. Bibi alikosea mwenye ndege tu. Waulize wazee wako: ilikuwa kusi au kaskazi? Kabla ya Ramadhani au baada?

Ukishapata miezi miwili mitatu, tafuta kumbukumbu za vikosi. Za Waingereza ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, fungu la AIR 27. Humo, Fomu 541 huonyesha ndege gani iliruka, saa ngapi, na nani walikuwamo. Lakini marubani wengi waliokuwa Kenya siku hizo walikuwa wa Afrika Kusini, na nyaraka zao ziko Pretoria. Mimi nilipoteza mwaka mzima Kew, nikamlipa na bwana mmoja aliyejiita mtafiti, akaniletea majina ambayo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola huyaweka bure mtandaoni.

Ila Tume ina waliokufa tu. Kama babu aliwaopoa hai wakapona, hutawaona huko. Utabaki na vitabu vya kikosi. Waliokufa wameandikiwa nambari ya utumishi, kikosi, na mara nyingi majina ya wazazi na mji wao. Wanahewa wasio na kaburi wako kwenye mnara wa Alamein, kule Misri. Shika nambari, jina litakupoteza. Akina Smith ni kama akina Ali kwetu.

Mimi niliandikia kanisa la mji wa wazazi wa rubani wetu. Miezi ikapita, nikajibiwa na mjukuu wa dada yake rubani. Akaomba lile bati. Shangazi, ndiye aliyelirithi, akakubali lipigwe picha, mbele na nyuma. Kulituma akakataa: "Nimpe, nami nifunikie nini?"