Mkihamia ughaibuni, anzeni na asiye na pa kwenda asubuhi

Ushauri mwingi kwa familia zinazohamia nchi nyingine humlenga mtu mmoja: mwenye ajira. Mkataba wake, kodi yake, namna ya kuelewana na bosi mpya. Mimi nilihama nikiwa yule mwingine. Kazi aliipata mke wangu. Mimi niliacha yangu, nikamfuata pamoja na watoto. Ninayoyaandika hapa ni ya upande huo.

Mwenye kazi, hata akiwa mgeni wa namna gani, anakuta dunia iliyokwisha kuandaliwa. Ana meza, ana ratiba, ana wenzake wa kupiga nao soga mchana, na ana mtu wa ofisini wa kumuuliza fomu hii inajazwaje. Watoto nao baada ya muda wanapata shule. Anayebaki nyumbani hasubiriwi popote. Akichelewa kuamka hakuna atakayemuuliza, na hiyo ndiyo hatari yenyewe. Mapema miaka ya 1980 mtafiti Rosalie Tung aliyauliza makampuni kwa nini wafanyakazi wanaotumwa ng'ambo hushindwa kumaliza muda wao. Makampuni ya Marekani yalitaja kwanza kabisa mwenzi kushindwa kuzoea maisha mapya. Uwezo wa kazi ulikuja nyuma sana. Kwa hiyo ninaposema mpangeni mambo yenu mkimtazama asiye na kazi, sisemi kwa kujionea huruma. Asipotulia yeye, tiketi za kurudi zitakatwa mapema.

Swali la kwanza liulizwe kabla ya kusaini chochote: je, viza ya anayefuata inamruhusu kufanya kazi? Msijibiwe kwa "nadhani". Masharti hutofautiana hata ndani ya nchi moja. Marekani, kwa mfano, mume au mke wa mwenye viza ya L-1, ya mfanyakazi anayehamishwa na kampuni yake, anaruhusiwa kufanya kazi, ilhali wa mwenye H-1B, ya mtaalamu aliyeajiriwa na mwajiri wa huko, kwa kawaida haruhusiwi mpaka atimize masharti mengine ya ziada. Na wale mnaopanga kuendelea kumfanyia kazi mwajiri wa nyumbani kupitia kompyuta, kumbukeni kuwa nchi nyingi zinahesabu hiyo ni kazi iliyofanyika kwao. Nyingi pia humhesabu mtu kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka, na nyingine huanza kumhesabu mapema zaidi. Ulizeni mapema, na majibu yaje kwa maandishi.

Karatasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karatasi ndizo zilizokula miezi yetu ya mwanzo.

Chukueni vyeti halisi vya kuzaliwa vya kila mtu, cheti cha ndoa, ripoti za shule, kadi za chanjo na vyeti vya taaluma vya wote wawili, hata vya yule asiyetarajia kufanya kazi. Msivitie kwenye mizigo inayosafirishwa kwa meli. Vikae kwenye mkoba wa mkononi. Kabla ya kuondoka, ulizeni kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961. Zikiwamo, cheti kinahitaji muhuri mmoja tu, apostili, unaotolewa na mamlaka ya nchi iliyokitoa. Isipokuwamo mojawapo, mtapita njia ndefu ya wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi. Kazi hii ukiwa nyumbani ni usumbufu wa siku kadhaa. Ukiwa mbali unaanza kumbembeleza ndugu akusimamie foleni. Tafsiri, kwa upande mwingine, ni afadhali kusubiri. Ofisi nyingi za uhamiaji hukubali tu tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa au kusajiliwa huko huko.

Kagueni pia majina. Pasipoti ikiwa na majina matatu, cheti cha ndoa mawili, na cheti cha mtoto kikiwa na herufi moja iliyokosewa, nyumbani kila mtu anaelewa. Afisa asiyekujua hana sababu ya kuelewa. Hati ya kiapo inayothibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja itawaokoa. Na kama mzazi mmoja atatangulia na mwingine kufuata na watoto, andaeni barua ya ridhaa ya mzazi asiyesafiri, iliyothibitishwa na wakili. Maafisa wa mipakani huiuliza, na wana haki ya kuiuliza.

Mkishafika mtakutana na duara ambalo karibu kila mgeni analijua. Benki inataka uthibitisho wa makazi, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki, na ofisi ya usajili inataka mkataba wa nyumba kwanza. Pa kulikatia ni kwenye makazi ya muda. Kabla ya kulipia, muulize mwenye nyumba kwa maandishi kama atakubali mtumie anwani yake kujisajili. Wengine hawakubali, na hao waacheni hata kama nyumba ni nzuri. Msilipie amana ya nyumba msiyoiona, au ambayo mtu mnayemwamini hajaingia ndani yake. Picha si nyumba.

Sasa jambo ambalo ningelisisitiza kuliko yote niliyosema hapo juu: kila kitu kiwe na majina mawili. Mkataba wa nyumba, akaunti ya benki, bili ya umeme, mawasiliano na shule. Kwa kawaida mwenye kazi ndiye mwenye haraka, ndiye mwenye hati ya mshahara, basi kila kitu huandikwa jina lake. Miezi michache baadaye yule mwingine anataka kujiunga na maktaba, au kufungua laini ya simu ya mkataba, anagundua kuwa kwa mujibu wa karatasi za nchi hiyo hakai popote. Historia yake ya mikopo ya nyumbani mara nyingi haimfuati, kwa hiyo kadiri anavyochelewa kuwa na bili yenye jina lake ndivyo anavyochelewa kuanza kujenga nyingine. Na, tusifichane, yakitokea ya kutokea, ugonjwa, kifo au ndoa kuvunjika, asiye na jina popote ndiye atakayehangaika.

Laini zenu za simu za nyumbani msiziache zife. Benki ya nyumbani itaendelea kutuma namba ya siri ya muda kwa ujumbe kwenye laini ile ile, na kuibadilisha mkiwa mbali mara nyingi hudai ufike tawini mwenyewe.

Leseni ya udereva nayo ni uhuru wa anayebaki nyumbani, pale ambapo usafiri wa umma ni haba. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa katika nchi iliyotoa leseni yako, kwa hiyo kipate kabla ya kupanda ndege. Kuna cha mkataba wa mwaka 1949 na cha ule wa 1968. Angalia nchi unayokwenda inatambua kipi. Kibali hicho hakisimami peke yake, huenda pamoja na leseni halisi. Ukishakuwa mkaazi, nchi nyingi hukupa muda maalumu wa kubadilisha leseni au kufanya mtihani upya. Muda huo ukipita wengine hurudi shule ya udereva baada ya miaka ishirini ya kuendesha, na hasira zao hazisaidii kitu.

Watoto. Utaambiwa kuwa "watoto huzoea haraka", na walimu, majirani, hata daktari watalirudia. Ni kweli nusu. Jim Cummins, mtafiti wa elimu aliyefanya kazi Kanada, alionyesha mwaka 1981 kuwa watoto wahamiaji huweza kuzungumza vizuri na wenzao ndani ya miaka 2 hivi, lakini kuwafikia katika lugha ya darasani, ile ya kuandika insha na kuelewa swali refu la hesabu, huchukua miaka 5 hadi 7. Mtoto anayetania vizuri uwanjani anaweza kuwa anazama darasani, na mwalimu anayemsikia akitania hatashuka kuangalia. Ulizeni shule wazi: atapata msaada wa lugha kwa muda gani, na nani ataamua kuwa hauhitaji tena? Wadogo wengine hukaa kimya darasani kwa majuma, hata miezi, huku wakisikiliza. Ukimya huo peke yake si ugonjwa. Akiwa kimya hata nyumbani, kwa lugha yake mwenyewe, hapo tafuta msaada.

Lugha ya nyumbani iendelee nyumbani. Mwalimu akiwashauri muiache ili mtoto ajifunze upesi, mkatalieni kwa adabu. Mzazi mwenye lugha ya kuungaunga hamsaidii mtoto kwa kumwiga mwalimu wake. Na kwa kuwa watoto watawapita katika lugha, itawajia tamaa ya kuwatumia kama wakalimani. Dukani, sawa. Kwa daktari, benki au uhamiaji, hapana. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kusikia majibu ya vipimo vya mama yake. Ombeni mkalimani. Hospitali nyingi za umma katika nchi zinazopokea wahamiaji humtoa, wakati mwingine kwa simu. Australia, kwa mfano, ina huduma ya serikali ya namna hiyo inayofanya kazi saa 24.

Kuhusu hali ya moyo, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alichapisha mwaka 1960 makala iliyoeleza hatua za ugeni: furaha ya mwanzo, kisha chuki na kila kitu, kisha kupona taratibu. Watafiti waliokuja baadaye hawakuukubali sana mpangilio huo, na kwa niliyoyaona kwetu ninaelewa kwa nini. Watu wa nyumba moja hawapiti hatua hizo pamoja. Mke wangu alikuwa amechangamka wiki zile zile ambazo mimi sikutaka kufungua pazia, na mtoto mkubwa alianguka pale tulipodhani sote tumeshasimama. Kuulizana "mbona mimi naweza?" ni ukatili ambao wanandoa hawaoni kuwa ni ukatili.

Kilichonifaa mimi kilikuwa darasa la lugha la asubuhi. Si kwa sababu ya sarufi. Programu za simu zinafundisha sarufi. Lilinipa mahali pa kuchelewa na watu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Kama bajeti inatosha kozi moja tu, aende asiye na kazi. Mwenye kazi atajifunza ofisini.

Kuhusu watu wa kwenu walioko huko: watafuteni, watawaonyesha ofisi ipi ifunguliwe mlango na ipi iepukwe. Lakini sheria za viza zimebadilika tangu wao walipofika, basi kila wanachowaambia kuhusu vibali kihakikisheni kwenye tovuti ya serikali yenyewe.

Jambo la mwisho mlipange mapema. Kubalianeni tarehe ya kukaa chini na kuamua kama mnabaki. Iwe kabla ya muda wa kutoa notisi ya nyumba kwisha, na kabla ya shule kufunga uandikishaji wa mwaka unaofuata, ili jibu la "hapana" liwezekane bila faini. Siku hiyo aanze kusema yule aliyefuata. Mwenye kazi anyamaze mpaka mwenzake amalize.