Ukipangiwa Huduma Urusi, Jiandae Kuwa Mgeni

Ukipangiwa huduma Urusi na ukapewa nafasi ya kuchagua mwezi wa kufika, chagua wa tano. Utakuta theluji imeyeyuka, watu wameanza kushughulika na bustani zao, nawe utakuwa na miezi kadhaa ya kuzoea lugha kabla baridi haijaanza. Wengi hatupewi nafasi hiyo. Mimi nilitua Yekaterinburg, kwenye milima ya Ural, mwishoni mwa Oktoba, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia wanaonifuata jambo lilelile: majira ya baridi kule, kazi kubwa ya mmisionari ni kuwa mgeni mwema. Na ugeni una maandalizi yake.

Tuanze na mwili, maana mtumishi anayetetemeka hamsikilizi mtu. Januari ya Yekaterinburg kwa kawaida huwa nyuzi hasi kumi na kitu, na zipo siku zinazoshuka hadi hasi 30. Sisi wa Makete, wilaya ya baridi mkoani Njombe, tunaoamka mwezi wa saba na kukuta sakitu kwenye majani, tukifika huko tunanyamaza. Usinunue koti moja zito ukadhani umemaliza. Vaa nguo ya ndani ya mikono mirefu inayobana mwili, juu yake sweta la sufu, kisha koti la manyoya ya bata linalofika magotini. Sweta zuri unaweza kulipata kwenye mitumba ya Karume, Dar es Salaam, kabla hujaondoka. Viatu nunua hukohuko, maana soli nyingi tulizozoea hukakamaa kwenye baridi kali na kuteleza vibaya. Chukua namba moja zaidi ya mguu wako: kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu wenye soksi mbili ndani ya kiatu cha kubana hupoa haraka kuliko wenye soksi moja. Hereni za chuma ziache nyumbani. Utanielewa siku ya hasi 25 utakapozisikia masikioni. Simu iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, la sivyo itazimika huku chaji ingali nusu.

Halafu kuna kitanzi. Makanisa mengi, kliniki, maktaba na kumbi zina chumba cha kuachia makoti mlangoni, na huingii ndani na koti lako. Anayepokea makoti mara nyingi ni bibi wa makamo, na koti lisilo na kitanzi cha kutundikia shingoni litakuletea somo refu mbele za watu. Shona kitanzi imara kabla hujatoka nyumbani. Bibi hao hao, usiowajua kabisa, watakusimamisha kituo cha basi wakugombeze kwa kukaa kichwa wazi au kwa kuketi juu ya jiwe la baridi. Shukuru na utii. Nani kati yetu hajalelewa hivyo?

Barabarani tembea kama bata: hatua fupi, magoti yamelegea, mikono iwe nje ya mifuko. Ukiona utepe mwekundu na mweupe umezungushwa kando ya jengo, usiuruke ili kufupisha njia. Juu ya paa kuna mabonge na michirizi ya barafu inayoning'inia, na ikikatika inaua.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka. Joto la mabomba linatoka kwenye mitambo ya mji, wewe huna swichi, na vyumba vingi huwa na joto la kuvaa fulana. Ndiyo maana utaona watu wanafungua kidirisha kidogo cha juu katikati ya Januari. Hewa hiyo kavu inapasua ngozi yetu. Losheni nyepesi haifui dafu. Beba mafuta ya mgando ya kutosha, na upake kabla ya kutoka. Dada zangu wenye nywele za asili, shoneeni kofia zenu kitambaa cha satini kwa ndani, kwani sufu inakata nywele za mbele. Na kila mwenye ngozi nyeusi amwombe daktari ampime vitamini D. Mwishoni mwa Desemba jua la Yekaterinburg linachomoza saa tatu na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni hivi, tena likiwa chini, nyuma ya mawingu. Uchovu na huzuni unavyovihisi mwezi wa pili si lazima viwe jaribu la kiroho. Pima kwanza, uombe huku ukisubiri majibu.

Sasa sheria. Hili wengi wanaotuma watumishi hawalisemi wazi. Julai 2016 Urusi ilipitisha mabadiliko ya sheria yanayobana kazi ya kimisionari, yakaanza kutumika tarehe 20 mwezi huo. Anayehubiri kwa lengo la kuvuta waumini wapya anatakiwa awe na hati kutoka kwenye shirika la dini linalotambulika, na haruhusiwi kufanya hivyo kwenye nyumba za makazi. Ibada ya waumini nyumbani ni jambo jingine, hiyo inaruhusiwa. Mgeni akivunja sheria anatozwa faini ya rubo 30,000 hadi 50,000, na anaweza kufukuzwa nchini. Kwa hiyo ile desturi yetu ya vijana kupita mlango kwa mlango wakiimba nyimbo za Krismasi na kugawa vipeperushi, usiipeleke kule kabla mchungaji mwenyeji na mwanasheria wa kanisa hawajakuambia sawa. Kuna watumishi wanaoona huu ni woga. Mimi naona atakayelipa gharama ya ushujaa wako ni lile kusanyiko dogo litakalobaki baada ya wewe kupandishwa ndege. Hakikisha pia mwenyeji wako amekuandikisha uhamiaji kwa wakati, maana ofisi nyingi hufungwa kuanzia Januari 1 hadi 8.

Fedha uchukue taslimu. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, na Facebook na Instagram zimezuiwa tangu mwezi huohuo. Kubaliana na familia yako mapema mtapigianaje simu.

Tuje kwenye sikukuu. Desemba 25 Urusi ni siku ya kazi. Mabasi yamejaa, watoto wako shule, fundi bomba anagonga kwa jirani. Kanisa la Othodoksi linafuata kalenda ya Julian, iliyo nyuma kwa siku 13, hivyo Krismasi yao ni Januari 7. Walutheri na Wakatoliki huadhimisha tarehe 25, na baadhi ya makusanyiko ya Kiprotestanti huadhimisha zote mbili. Desemba 25 ndiyo inayowaumiza watumishi wetu kuliko baridi yenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usikae peke yako ukitazama picha za pilau za nyumbani. Miji mikubwa ya Urusi ina wanafunzi Waafrika, nao wanaumia kama wewe. Waalike, pikeni. Karafuu, mdalasini na iliki beba kutoka nyumbani; mchele utaupata. Hata Warusi wataufurahia wali wako, kwa kuwa wamezoea ule wa Asia ya Kati wenye karoti na nyama.

Sikukuu kubwa ya nchi ni Mwaka Mpya, na ina sababu. Wabolsheviki, wakomunisti waliotwaa madaraka 1917, waliukandamiza mti wa Krismasi pamoja na sikukuu yake. Mwishoni mwa Desemba 1935 gazeti la Pravda likachapisha barua ya Pavel Postyshev, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, akitaka watoto warudishiwe mti, ila sasa uwe wa Mwaka Mpya. Mti, zawadi na mzee mleta zawadi Ded Moroz na mjukuu wake Snegurochka vikahamia usiku wa Desemba 31, na huko vimebaki, ingawa Januari 7 imekuwa siku ya mapumziko tangu 1991. Nimesikia watumishi wakihubiri Desemba dhidi ya "sikukuu ya Kikomunisti". Msifanye hivyo. Kwa watu wengi huo ndio usiku pekee wa mwaka ambao familia nzima inakaa meza moja, na ukialikwa umepewa heshima kubwa.

Ukialikwa, vua viatu mlangoni, utapewa ndala za ndani. Usimpe mtu mkono huku mmoja yuko nje na mwingine ndani ya kizingiti. Maua yawe idadi witiri, kwani shufwa ni ya msibani. Mezani utakuta saladi ya viazi, karoti, mayai, njegere, matango ya chumvi na soseji iliyochanganywa na mayonezi, samaki wa chumvi aliyefunikwa kwa kiazi sukari chekundu kilichokunwa, nyama iliyogandishwa ndani ya mchuzi wake, na machungwa madogo ya chenza kila mahali. Kula kidogo kidogo, maana meza hiyo haiishi hadi alfajiri. Waothodoksi wanaoshika mfungo wako katika siku 40 zinazoisha Januari 6, hivyo usimlazimishe mtu kipande cha kuku wako. Kama hunywi pombe, sema mara moja, kwa tabasamu, kisha jaza glasi yako juisi ya matunda ya porini. Glasi tupu ndiyo inayoleta maswali.

Na utaombwa useme neno, glasi mkononi. Andaa sentensi tatu za Kirusi, uzikariri: shukrani kwa mama mwenye nyumba, kwa jina lake na la baba yake kama wanavyoitana watu wazima, baraka kwa waliopo, na heri kwa walio mbali. Basi. Nimeona mwinjilisti akigeuza nafasi hiyo kuwa mahubiri ya dakika ishirini huku saladi ikimsubiri. Vita vya Ukraine usivijadili. Tangu Februari 2022 zipo nyumba ambazo kijana hayupo, na hujui yuko wapi wala wazazi wake wanalichukuliaje. Wakitaka kusema, wataanza wenyewe, kwa kawaida jikoni mnapoosha vyombo. Hapo sikiliza. Mazungumzo yangu yote ya maana kuhusu Mungu niliyofanya Urusi yalianzia kwenye sinki la jikoni, na hakuna hata moja nililolianzisha mimi.

Usiku huohuo kumbuka Ural iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili. Saa nane za usiku kwao ndiyo saa sita kwetu, kwa hiyo wapigie wazazi wakati huo, na hutamwamsha mtu kwa wenyeji wako, fataki bado zinalia.

Likizo ya Mwaka Mpya inaishia Januari 8, lakini usikunje mkeka. Usiku wa kuamkia tarehe 14 wanasherehekea Mwaka Mpya wa kalenda ya zamani, na tarehe 19 ni Ubatizo wa Bwana, watu wanapokata barafu ya ziwa au mto kwa umbo la msalaba na kujichovya mara tatu. Yekaterinburg wengi huenda ziwa Shartash. Utaalikwa, na utachekwa kidogo ukisita. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo akatae bila aibu, awashikie wenzake taulo, hiyo nayo ni huduma. Mwenye afya anayetaka kujaribu aende mahali penye waokoaji, asinywe kitu cha kulevya kabla, asijichovye peke yake, na asivue ndala hadi ngazi ya mwisho, kwa sababu unyayo uliolowa unaganda kwenye barafu.