Kabla ya Kumvua Mtu Cheo kwa Sababu ya Maoni Yake

Nimefanya kazi ya utumishi katika vyombo vya habari hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na barua nyingi za kumtaka mtangazaji ajieleze zimepita mezani kwangu kabla ya kumfikia mwenyewe. Kila mtu maarufu anapotoa kauli ya kuudhi, swali linaloletwa ofisini huwa ni lile lile: afukuzwe au aachwe? Ushauri wangu kwa wakubwa wa kazi, na hata kwa wananchi wanaopiga simu wakitaka mtu atumbuliwe siku hiyo hiyo, ni kwamba kwanza lijibiwe swali jingine: je, maoni hayo yanaiharibu kazi aliyopewa, kiasi kwamba wale anaowahudumia hawawezi tena kutegemea kutendewa haki naye?

Kwa kipimo hicho, ninaona James Watson alistahili yaliyompata. Alikuwa mmoja wa waliogundua umbo la DNA mwaka 1953, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1962, kisha mwaka 2007 akalieleza gazeti moja la Uingereza kwamba hana matumaini na mustakabali wa Afrika kwa kuwa, kwa maoni yake, akili za Waafrika haziko sawa na za Wazungu. Kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, alichokuwa amekiongoza kwa muda mrefu, kilimsimamisha na haukupita muda akastaafu. Mwaka 2019, baada ya kuonyesha kwamba hajabadili msimamo, kikamvua hata vyeo vya heshima. Sisemi alistahili kwa sababu tu waliotukanwa ni sisi. Alizungumza kama mtaalamu wa urithi wa viumbe, akatumia jina la sayansi kupitisha jambo ambalo sayansi haijalithibitisha, ilhali nafasi yake ilimpa sauti juu ya watafiti wa kila rangi. Ugunduzi wake bado unafundishwa darasani, na ni sawa ufundishwe.

Ya Fatma Karume, aliyewahi kuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, ni tofauti kabisa. Mwaka 2019 alisimamishwa uwakili Tanzania Bara kutokana na hoja alizowasilisha mahakamani katika kesi iliyopinga uteuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2020 Kamati ya Mawakili ikaliondoa jina lake kwenye orodha ya mawakili, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo. Kutoa hoja kali ndiyo kazi yenyewe ya wakili, kwa hiyo anayemnyang'anya wakili kazi kwa sababu ya hoja zake anamnyima na mteja mtu wa kumsemea.

Mashauri tunayokutana nayo sisi kwa kawaida ni madogo kuliko hayo, na ndiyo yenye kusumbua. Katika kituo kimoja cha redio nilichokifanyia kazi, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alisema hewani kwamba mahari ifutwe kwa sheria. Kufika saa sita mchana, mdhamini wa kipindi, muuza samani wa Keko, alikuwa ameshapiga simu kutishia kuondoa matangazo yake, na meneja wa vipindi ameshaniletea kipande cha video cha chini ya dakika moja kilichokuwa kinazunguka WhatsApp. Niliomba rekodi nzima. Humo alisikika akimpa nafasi mzee aliyempinga, akamsikiliza bila kumkatiza, hata akakiri kwamba hoja moja ya mzee imemzidi nguvu. Kazi yake ilikuwa kuendesha mjadala, naye alikuwa ameuendesha. Nilishauri asiandikiwe barua yoyote, uongozi ukakubali kwa shingo upande, na mdhamini (nadhani alikuwa akitafuta punguzo la bei tangu mwanzo) akaendelea kutangaza makochi yake.

Angekuwa ni ofisa wa ustawi wa jamii anayesuluhisha ndoa, na akatangaza kwamba mwanamke aliyetolewa mahari hana cha kudai, ningeshauri vinginevyo, kwa sababu mwanamke atakayeketi mbele yake kesho tayari ameshahukumiwa.

Hata pale kosa linapoonekana wazi, utaratibu usirukwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa misingi ya maoni ya kisiasa au dini, na inamtaka mwajiri awe na sababu halali pamoja na kufuata utaratibu wa haki anapomwachisha mtu kazi. Kanuni za mwaka 2007 zinampa mtuhumiwa angalau saa 48 za kujiandaa kabla ya kikao cha nidhamu, na haki ya kuja na mwenzake wa kumsaidia. Uzoefu wangu ni kwamba saa hizo humsaidia mwajiri pia, maana kelele za mitandaoni zikishahamia kwenye jambo jingine, wajumbe wa kamati husoma maelezo ya mtuhumiwa kwa utulivu zaidi.

Nawe uliyeachishwa kazi kwa ajili ya kauli yako, usimalizie hasira zako kwenye mahojiano. Tunza barua zote, tafuta rekodi kamili ya ulichokisema, na upeleke malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa kuwa ukichelewa itakubidi kwanza ueleze sababu za kuchelewa kabla hoja yako yenyewe haijasikilizwa.